Barua ya Kukubaliwa na Hela ya Kwenda ni Vitu Viwili: Maongezi na Vijana wa Sanaa, Mtwara

Haya ni maongezi niliyoyafanya Jumamosi hapa Shangani mbele ya vijana wa sanaa na baadhi ya wazazi wao. Wengi waliomba nakala kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Wazee wangu shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, vijana mambo vipi. Naona kuna watu wa Newala na Tandahimba, gari ya Masasi nayo imefika, na wale wa Lindi karibuni sana maana najua mmeamka usiku kuwahi hapa.

Nimeombwa niongelee kuomba masta ya sanaa nje ya nchi, hii inayoitwa MFA, na zaidi ile miezi ya kusubiri majibu ambayo inawakosesha watu usingizi. Ntaongea yote. Ila lililonifanya nikubali kuja ni moja na nalisema mapema ili hata anayewahi kivuko cha Msangamkuu awe amelisikia: kukubaliwa na chuo ni jambo moja, kuwa na hela ya kusoma hicho chuo ni jambo lingine kabisa, na huku kusini tumeyaunganisha mpaka watu wanauza mikorosho.

Ngoja nieleze inavyotokea. Dedilaini za MFA kwenye vyuo vingi vya Marekani ni Desemba mpaka katikati ya Januari. Huku kwetu huo ni wakati gani? Ni wakati minada ya korosho inaelekea mwisho, wengi wameshalipwa hela zao za stakabadhi ghalani, nyumbani kuna unafuu. Kijana akisema baba naomba hela ya fomu, inapatikana, na ya chuo cha pili inapatikana, na ada ya fomu moja mara nyingi ni kuanzia dola 60 mpaka zaidi ya 100, alafu kuna mtihani wa Kiingereza, alafu kuna vyuo vinataka cheti chako kikakaguliwe na taasisi ya kukagua vyeti nayo inalipwa kwa dola. Yote hayo yanapita kwa sababu msimu upo. Sasa majibu yanakuja lini? Machi na Aprili. Nyie wenyewe mnajua Machi nyumbani kunakuwaje, mvua, palizi, chakula cha mwaka jana kinaishia, kipya bado kiko shambani, na mzee ameshaanza kuwaza hela ya salfa ya mikorosho. Ndo hapo barua inaingia, hongera umechaguliwa, tunaomba uthibitishe nafasi yako kwa kulipa amana kabla ya tarehe fulani. Furaha imekuja na mfuko umekauka, na hapo ndipo shamba linauzwa kwa bei ya kutupa, au mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa kinyemela, anauziwa korosho ambayo haijatoa hata maua.

Kuna familia naifahamu, siitaji na chuo sikitaji. Binti yao alikubaliwa, barua nzuri kabisa, ila haikuwa na msaada wowote wa hela. Wakauza kipande cha mikorosho ili alipe amana, wakiamini nyingine zitapatikana mbele ya safari. Alipofika kwenye mambo ya viza akaulizwa aonyeshe hela ya mwaka mzima, karo na kuishi, hakuwa nayo, viza hakupata, na amana haikurudi. Miti ile aliipanda babu yake. Binti ni mchoraji mzuri sana, mpaka leo, na mi nikikumbuka lile shamba naumia kwa kweli, maana hakuna hata mtu mmoja aliyemkalisha huyo mzee akamwambia barua hii haina hela ndani yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu jiulize nani analipa. MFA ya Marekani kwa kawaida ni miaka miwili, na kwenye vyuo binafsi vingi karo peke yake inazidi dola 40,000 kwa mwaka, hapo hujala, hujapanga chumba, hujanunua rangi. Lakini usikate tamaa maana sio wote wanalipa. Kuna vyuo vinachukua wanafunzi wachache sana na hao wachache vinawalipia wote, Northwestern jirani na Chicago ni mfano, na kuna vyuo vingi vya majimbo ambavyo vinampa mwanafunzi kazi ya kusaidia kufundisha, anafutiwa karo yote au sehemu yake na analipwa posho. Hivo ndo vya kutafuta. Ukikuta chuo kinaelezea majengo na karakana kurasa kumi alafu kwenye hela sentensi mbili tu, waandikie emaili uulize mwaka jana wanafunzi wa kutoka nje walilipiwa kiasi gani. Wakijibu kwa kuzunguka, wapite. Ukiwaandikia omba pia wakusamehe ada ya fomu, vingine vinakubali, na kuomba ni bure.

Ujerumani watu wanasema bure. Ni kweli akademia nyingi za serikali hazitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini viza inataka uonyeshe una hela ya kuishi mwaka mzima, wengi wanaiweka kwenye akaunti maalum iliyofungwa, na kiwango kilichowekwa tangu 2024 ni euro 11,904. Watu wanasikia bure, wanaishia hapo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wana skolashipu zao kwa wasanii waliomaliza digrii, ziangalieni kila mwaka. Uingereza masta nyingi ni mwaka mmoja na wa kumfikiria ni Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanalipa karo, nauli na matumizi, ila wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wao wanahesabu masaa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili. Fomu zao hufunguliwa Agosti, yani kabla hata ya korosho. Wengi wenu mnawaza Chevening Januari wakati imeshafungwa siku nyingi.

Alafu kuna Afrika, na hapa naomba mnisikilize kwa moyo maana naona vijana wakisikia Makerere ya Uganda au Kumasi ya Ghana wanakunja uso. Makerere ndo alikoanzia mchoraji Sam Ntiro, mtu wa Machame, kabla hajaenda shule ya sanaa ya Slade kule London miaka ya 1950, na baada ya uhuru akaja kuwa balozi wetu hukohuko London. Na msanii Ibrahim Mahama wa Ghana, MFA yake kaipata kwao, chuo kikuu cha KNUST Kumasi, mwaka 2013, na 2015 kazi yake ilikuwa Venice kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, na kazi yenyewe ni nini? Magunia. Magunia ya kakao na ya mkaa, makuukuu, yameshonwa pamoja yakafunika kuta kubwa. Nyie mmelala juu ya magunia ya korosho tangu utoto na mnafikiri malighafi iko Ulaya. Karo za vyuo hivi sio sawa kabisa na za Marekani, nauli ya Kampala ni ya basi, na hakuna akaunti ya kufungia euro.

Tuje kwenye potifolio, yani mkusanyiko wa picha za kazi zako. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu humu ndani kuna wachongaji wengi na mpingo ni mgumu kupiga picha kuliko watu wanavyodhani. Vyuo vingi vinataka picha kama 15 mpaka 20, zinapandishwa kwenye mtandao, kwa hiyo komiti inayochagua haiioni sanamu yako, inaona picha tu. Ukiweka sanamu nyeusi mbele ya shuka jeupe simu inapunguza mwanga kwa ajili ya ule weupe, sanamu inabaki kivuli, uso hauonekani, alama za patasi hazionekani, kazi ya miezi imekuwa doa jeusi. Ukiweka mbele ya kitambaa cheusi simu inaongeza mwanga, mpingo unageuka kijivu. Tafuta kitambaa cha kijivu, kisiwe na mikunjo, kaa barazani asubuhi jua halijawa kali, mwanga uingie kwa ubavuni, gusa sanamu kwenye kioo cha simu alafu shusha mwanga kidogokidogo mpaka uone mishipa ya mti. Na piga picha kabla hujapaka kiwi. Najua sokoni mteja anapenda ing'ae, ila kwenye picha ule mng'ao unakula umbo lote. Kila kazi ipigwe nzima, alafu karibu, alafu upande wa nyuma kama nyuma kuna kitu, na kila picha iwe na jina la kazi, mwaka, mti uliotumia na vipimo kwa sentimita, maana bila vipimo hawawezi kujua kama ni sanamu ya mezani au ya kusimama kama mtu. Na usifikirie kuwatumia sanamu yenyewe. Hawaiombi, na mpingo tangu 2017 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuusafirisha nje ya nchi kuna masharti yake.

Maelezo ya kazi yako, ile insha, andika kuhusu kazi iliyopo kwenye picha. Mnaniletea insha zinaongelea utandawazi na dunia ya leo wakati picha zote ni mama na mtoto wa mpingo, sasa anayesoma ataamini kipi? Kama umekulia kwenye jando na unyago na ndo unachochonga, sema hivo, sema ulichokiona na unachokitafuta. Mtu wa Lindi aliyekua anasikia habari za Tendaguru, mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa 1909 mpaka 1913 enzi za Mjerumani, watu wa huku wakaibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi na leo amesimamishwa makumbusho Berlin, huyo ana jambo la kusema ambalo mwombaji wa New York hana. Lakini kama haimo kwenye kazi yako usiitie kwa sababu itawapendeza. Wanaosoma ni wasanii, na wanasoma mamia.

Barua za mapendekezo waombeni walimu mapema, miezi miwili kabla, na wapelekeeni picha za kazi na tarehe. GPA yetu ni ya 5.0 na ya Marekani ni ya 4.0, usiibadilishe mwenyewe kwa kikokotoo cha mtandaoni, andika kama transkripti inavyosema na useme ni kati ya 5. Na dedilaini ya saa sita kasoro dakika moja usiku New York mwezi Januari kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake, ila usingoje huko, umeme tunaujua na bando tunalijua, tuma wiki moja kabla.

Haya, umetuma. Sasa kusubiri, na hii ndo sehemu ambayo vijana wengi wananipigia simu usiku.

Kwanza waambieni nyumbani ratiba. Mama anauliza kila siku, vipi wale wazungu wamejibu? Anauliza kwa upendo, ila kila akiuliza na huna jibu unajiona mdogo. Mkalishe Januari umwambie, mama, wengine wataniita intavyuu Februari au mwanzoni mwa Machi, wengine hawataita, majibu ni Machi mpaka katikati ya Aprili, kabla ya hapo kimya ni kawaida. Na kimya ni kawaida kweli. Kuna vyuo havifanyi intavyuu kabisa, kuna vinavyojibu waliokubaliwa kwanza na waliokataliwa mwezi mzima baadae, kwa hiyo ukisikia mwenzio kaitwa na wewe hujaitwa usianze kupiga hesabu, haikwambii chochote. Angalia emaili mara moja kwa siku, angalia na folda ya spamu, alafu funga.

Akija mtu akakwambia yeye ni wakala na ana watu wake ndani ya chuo, umpe hela akusukumie fomu, huyo mwizi. Awe Dar, awe hapa Mtwara, awe na ofisi yenye kiyoyozi, hakuna anayeweza kusukuma. Komiti za MFA ni walimu wa chuo wanakaa na picha zako.

Pili endelea kufanya kazi, na hili nalisisitiza kuliko vyote vya kusubiri. Nimeona wachongaji wanatuma fomu Desemba wanaweka tezo pembeni mpaka Aprili, eti akili haitulii. Intavyuu ikija swali ambalo hukosi kuulizwa ni saa hizi unafanya nini, na mtu aliyekaa miezi miwili bila kushika mti anaonekana tu, sauti yake inaonekana. Mwenye gogo kwenye ua, nusu limechongwa, anageuza simu anawaonyesha. Na ukishapangiwa intavyuu hakikisha saa, maana Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, New York wanakuwa nyuma yetu masaa saba badala ya manane, na ukikosea hapo umekaa unasubiri watu ambao walishakusubiri wakaondoka. Simu iwe imejaa chaji, pawabenki pembeni, bando la mitandao miwili tofauti, na kama mtaani kwenu umeme ni wa kubahatisha nenda kalale kwa ndugu mwenye jenereta siku hiyo.

Majibu yakija yanakuja ya aina tatu na kila moja ina kazi yake.

Umekataliwa. Inauma, na sikwambii usiumie, umeweka roho yako kwenye zile picha. Ila jua walivyokuwa wanachagua. Kikundi cha sindimba hakiwezi kuchukua wapiga ngoma kumi hata kama wote kumi wanajua, kinataka na waimbaji na wachezaji. Idara ya uchongaji inaweza kuwa na nafasi nne mwaka huo, mwalimu anayeelewa kazi za mti yuko likizo, karakana ya mbao imejaa, na wewe hapo hujakosea popote. Vyuo havielezi sababu, usiwaandikie kuuliza kwa hasira. Chukua wiki moja, alafu waombe walimu wako waangalie tena picha na insha, Agosti sio mbali.

Umewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Hii ni nafasi ya kweli, sio maneno ya kukufariji. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Kwa hiyo kuna mtu ameshika nafasi tatu mkononi na atajua moja ipi mwisho wa wiki hiyo, na anapoachia mbili watu wa kwenye orodha wanapigiwa. Waandikie mapema, barua fupi, kwamba bado unakitaka chuo, na uweke picha za kazi mbili mpya ulizofanya tangu Januari. Mnaona sasa kwa nini nasema msiweke tezo pembeni.

Umekubaliwa. Piga vigelegele, mama apike, hilo lako. Kesho yake kaa na mtu anayejua kusoma Kiingereza cha ofisi, tafuta ukurasa wa hela. Karo ni kiasi gani kwa mwaka, wamekufutia kiasi gani, mwaka wa pili wanaendelea au ni wa kwanza tu, posho ni kiasi gani, bima ya afya nani analipa. Kilichobaki baada ya kutoa vyote hivyo kigeuze kuwa shilingi na ukiandike kwenye karatasi kubwa mzee akione. Kama kinabaki kiasi ambacho familia haiwezi, waandikie chuo uombe waongeze, watu wanaomba na wengine wanaongezewa, au uombe kusogeza nafasi mwaka mmoja huku unatafuta skolashipu. Wakisema hapana kwa vyote viwili, andika asante, nafasi naiachia. Kijana wangu, kuachia nafasi isiyo na hela sio aibu hata kidogo, wewe ulichaguliwa, hilo halifutiki, na shamba la baba lipo. Amana usilipe kabla ya hayo. Na hata hela ikiwepo angalia masharti ya viza ya nchi hiyo kwa Watanzania yakoje mwaka huo, maana yanabadilika, na kwa Marekani kuna ada ya SEVIS, mfumo wao wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, dola 350 nje ya ada ya viza yenyewe.

Kuna mzee alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, hivi huyu mwanangu asipoenda huko hawezi kuwa msanii? Mzee wangu, anaweza. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, alikuwa Mmakonde wa huku kusini, kazaliwa 1934, kajifunzia kwenye mti, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa pale Dar, na mpaka anafariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeshazunguka Ulaya, Marekani na Japani, na masta hakuwa nayo. Anayeenda anaenda kutafuta vitu ambavyo huku ni vigumu kuvipata, miaka miwili ya karakana yako mwenyewe, watu wanaobishana na kazi yako kila wiki badala ya kuuliza bei, na MFA inakubalika Marekani kama shahada ya juu ya fani kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu. Hilo la kufundisha mi nalitamani sana kwa ajili yetu. Mtoto wa Newala anayetaka kusoma sanaa leo anafuata walimu Dar au Bagamoyo, na ningependa wajukuu wa wachongaji wafundishwe na wajukuu wa wachongaji.

Kwa wale ambao hamna digrii, wengi wenu mpo humu, MFA bado haiwahusu na msidanganywe. TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ina stashahada, Nafasi Art Space pale Mikocheni ina mafunzo na nafasi za karakana, na kuna sehemu kama Rijksakademie ya Amsterdam zinachukua msanii kwa kazi yake na zinampa posho, sio chuo cha digrii ila ushindani wake ni mkubwa kwelikweli.

Nimeongea sana, nashukuru mmevumilia hili joto. Wenye picha kwenye simu kaeni upande wa madirisha, tutaanza na wachongaji. Wenye barua za vyuo tayari njooni hapa mezani, na mje na wazazi wenu.